Koti Msumarini

Kufuli lilikataa ufunguo wake.
Miezi mitano ya mvua ya Tukuyu ililivisha kutu,
nami nilisimama barazani na begi lenye magurudumu
(magurudumu gani katika tope hili?
nimelibeba kichwani tangu stendi, kama mkungu wa ndizi)
hadi Mama Ambakisye akaja na kibatari,
akadondosha mafuta matone mawili, akapuliza.
Mlango ukasema nyaa.
"Ugonile," akasema.
Nikajibu "Ndaga," na koo likashangaa kwamba bado linajua.

Nyumba inanuka kama mtu aliyenyamaza muda mrefu.
Viatu vya kanisani vimeota ukungu,
na ukungu mwingine, ule wa Rungwe, uko dirishani unachungulia.
Kabla sijakaa nikakabidhiwa hesabu:
mikungu minne iliiva,
mmoja tulikula,
mmoja uliangushwa na upepo, wakaumaliza nguruwe wa Mwakalobo,
miwili imeuzwa, hela hii hapa,
na kuku wako mweusi hajui tena ni wa nani.

Jioni wakaja kuuliza theluji ikoje.
Nikasema: ni ukungu wetu huuhuu,
ila umechoka kutembea, ukaketi.
Wakacheka. Mwasomola hakucheka,
alitaka kujua ng'ombe wa kule wanakula nini.
Sikumbuki kuona ng'ombe.

Ya jua sikuwaambia,
kwamba saa nne asubuhi nje bado ni usiku,
na saa nane mchana, maharage hayajaiva,
limeshaondoka, kama mkwe aliyesalimia mlangoni
akakataa kiti.
Wala sikusema kwamba baridi ya kule hukaa nje,
hugonga kioo, haifunguliwi.
Hii yetu haibishi hodi.
Inaingia pamoja na kuni,
inalala nami chini ya mablanketi mawili.
Nani angeamini
kwamba nimetoka kwenye barafu nikaja kutetemeka kwangu?

Asubuhi nilivua viatu mlangoni kwa Mama Ambakisye,
nikasimama na soksi kwenye sakafu ya udongo.
Akanitazama miguu, akanitazama uso.
"Kuna msiba?"

Barabarani nilisimama nikimsubiri yule mtu wa kijani
wa kwenye taa, aniruhusu.
Kijana wa bodaboda akapiga honi:
"Bibi, unavuka au unasali?"

Haya yatapita. Mwili ni punda, utaizoea tena njia.
Lakini saa tisa usiku,
hapo ndipo bado sijarudi.
Saa tisa usiku Lusajo huamka,
Tusajigwe yuko zamu hospitali,
na mwenye chupa ni mimi, mwenye bega ni mimi.
Naamka miguu imeshashuka kitandani,
ninambembeleza kwa jina,
kumbe kinacholia ni bati na mvua.
Nimeuliza: mwezi huu saa zao na zetu zinalingana.
Basi ni sasa hivi. Sasa hivi hii.
Nani amempokea?
Nakaa ukingoni mwa kitanda, nahesabu.
Kwenye mia huwa anatulia.
Nafika mia na arobaini.

Kisha, kwa kuwa nimekwisha kuamka, nawasha moto.
Kuni mbichi zina ubishi; mimi pia.

Koti lile, nusu ya mshahara wa Tusajigwe,
linaning'inia msumarini jikoni, linajifunza moshi.
Siku tisa nimelipita kama simjui mwenyewe.
Watu watasema, bibi amerudi na Ulaya mgongoni.
Leo alfajiri mvua ilikuja ya ubavuni
na ng'ombe hana habari na aibu yangu,
anataka majani.
Nikalivaa juu ya kitenge, nikafunga zipu hadi kidevuni,
nikashika mundu.

Mama Ambakisye alikuwa mgombani, gunia kichwani, amelowa.
Hakucheka.
Akaligusa mkono, akalipapasa kama anayenunua,
akatia kidole ndani kuona pamba inaanzia wapi.
"Kesho," akasema, "zamu yangu."