Kamba ya Hema

Kazi yangu ni mahema. Harusi, matanga, harambee,
mkutano wa chama pale Donholm: mimi ndiye
ninayefika alfajiri na nyundo na vigingi.
Watu wakiona hema limelala
hulaumu mlingoti.
Mlingoti hauna neno. Tazama kamba.

Usiku ule mvua ya Aprili ilipiga mabati ya Kayole
hata jirani hakuisikia redio yake mwenyewe.
Mimi nilisikia. Tap.
Mlio mdogo, kama ganda la mbaazi juani.
Munini akauliza, "Ni kitanda?"
Nikasema ni kitanda.
Tukaulalia uongo huo miezi mitano.

Nguvu haikunipungukia, na hilo ndilo lililonichoma.
Damu ilikuja kwa wakati wake, kama mpangaji mwaminifu,
ila mwelekeo hakuna.
Kilisimama bila kujua kinasimamia upande gani,
kikayumba, kikaniaibisha mlangoni.
Na pale juu, chini tu ya mfupa,
kidole changu kilizama kwenye pengo
palipokuwa na kitu kilichokaza.

River Road niliuziwa unga wa mizizi,
vijiko viwili kwenye uji, asubuhi na jioni.
Nikazidi kusimama. Nikazidi kupotea.

Lugha nayo ilininyima.
Majina ya utani ya kitu hiki hayahesabiki,
vijana wa kijiweni hubuni jipya kila Ijumaa,
lakini kile kinachokishikilia
hakuna aliyewahi kukitania.

Daktari Gumato alinichorea nyuma ya bahasha:
"Hapa mfupa wa kinena. Hapa uume.
Hapa kati ilikuwepo kano. Imekatika."
Hakuinua macho kuipima aibu yangu.
"Unafanya kazi gani?"
"Mahema."
Akaiweka kalamu chini. "Basi nimepoteza wino."

Fomu ilitaka ndugu wa karibu.
Munini akaandika jina lake, na penye uhusiano: mke.
Akalipitisha kalamu tena neno lile,
kama mtu asiyeliamini fundo la kwanza.

Sindano ya mgongo, miguu ikaniaga.
Nyuma ya pazia la kijani nikasikia:
"Uzi usioyeyuka. Kaza. Usikaze sana."
Miaka kumi na minne nimewafokea vibarua maneno hayohayo,
sikujua yanaweza kusemwa kwa upole.

Wodini, kijana wa bodaboda, mguu wake umening'inizwa,
akaniuliza nimekatwa nini.
"Sijakatwa. Nimefungwa kamba."
"Ya nini?"
"Ya kazi."
Akacheka mpaka muuguzi akaja. Nilicheka pia, nikajuta;
kicheko hupita hapohapo penye mshono.

Wiki sita, alisema daktari. Hata akikupita karibu, wiki sita.
Tukaishi kama wachumba wa kanisani,
mto katikati ya kitanda,
kalenda ya bucha ukutani, Munini akikata siku kwa mkaa.
Siku ya ishirini na tatu, taa imezimwa, akasema:
"Nilijua si kitanda. Kitanda chetu ni cha chuma."
Sikujibu. Mkono wake ulivuka mto,
ukakaa tumboni mwangu, haukutafuta kitu.

Wiki ya nane siiandiki.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na harusi Ruai.
Upepo ukatokea upande wa machimbo ya mawe,
hema likainama, mama wa bibi harusi akapiga yowe,
na kijana wangu Kioko akaukimbilia mlingoti,
akaukumbatia kwa mikono miwili.
"Uache," nikamwambia.
Nikapiga magoti matopeni, polepole,
bado najishika ninapoinama,
nikapapasa nyasi mpaka nikaipata.

Daktari alinionya haitakuwa kama zamani.
Kamba hii pia ina fundo katikati.
Nikaivuta, nikasikiliza.
Ndani walikuwa wameshaanza kula.