Saa Tisa

Jumamosi, jua halijapanda, tunapimwa uzito
kwa mizani ya duka la unga
nyuma ya banda la ndege, Kipawa.
Kapteni Ndeshi ameshika kalamu.
"Umri nidanganyeni mtakavyo. Kilo, hapana.
Ndege ndogo haina haya, itawaumbua angani."
Kihiyo mfamasia anavua viatu, anavua mkanda,
anatoa hata funguo mfukoni. Tisini na nne.
Lwitiko, fundi wa mafriji, anacheka
mpaka zamu yake inapofika.

Mimi ni fundi cherehani wa Vingunguti.
Miaka hamsini na moja ndege zinapita juu ya bati langu
zikinikata kauli; nimezoea kunyamaza
kati ya "elfu" na "kumi", mteja akingoja bei.
Matumbo yake nayajua, na rangi, na kutu.
Ndani sikuwahi kuingia.

Lakini mwaka ule Msimbazi ulipovimba ukalala vitandani mwetu,
tukiwa juu ya paa siku ya pili,
kilipita kindege cheupe, chini chini,
na dirishani uso wa mtu, umebanwa kwenye kioo.
Nilipunga kanga. Kikageuka.
Sijui alikuwa nani. Sikumshona hata kifungo.

"Wanakulipa?" aliniuliza Shomvi, mwanangu.
"Chai. Na kizibao cha kung'aa."
"Basi umeajiriwa na chai, mama."
Sikumjibu, nilikuwa nakanyaga cherehani na kukariri:
Alfa, Bravo, Chali, Delta, Eko,
pindo la suruali likienda upande.

Darasa letu ni kontena lenye feni moja.
Tumefundishwa kutazama: usikimbize jicho,
litue, hesabu mbili, sogea.
Hapo sikupata tabu. Sindano ikidondoka
huifagii kwa macho; unamaliza kigae kimoja
ndipo uhamie cha jirani.
Kapteni akaniambia, "Wewe umeshasomea."
Nikavimba kichwa wiki nzima.

Leo ndiyo siku. Kiti cha nyuma, kulia.
Mlango mwembamba kama wa kabati la vyombo.
Tukaacha lami, tumbo likabaki chini kidogo,
kisha likanifuata.
Nyumba yangu nilipitwa nayo; niliapa sitaitafuta,
nikaitafuta, sikuiona.
Mabati yote yana kutu ileile.

Juu ya vilima vya Kisarawe kazi ikaanza.
Kuna kitambaa kimetandazwa mahali,
hicho ndicho "mtu wetu aliyepotea".
Kigae. Hesabu mbili. Kigae.
Mikorosho, njia ya miguu, mikorosho,
na hapo, chini ya bawa la kulia:
rangi ya chungwa, tetroni, mita mbili na nusu,
upindo haujakunjwa.

Nikabonyeza kitufe, nikapaza sauti:
"Nimemwona! Saa tisa! Saa tisa!"

Rubani akalaza ndege kushoto.

Maana angani pua ya ndege ni kumi na mbili,
unasoma namba iliyochorwa, basi.
Na mimi, tangu shangazi aninunulie saa ya mkono,
mshale mfupi ukigota kwenye tatu
nasema saa tisa, na wewe unasema saa tisa,
na mji mzima unatoka kazini kwa hesabu hiyo.
Tukazunguka kushoto juu ya mikorosho mitupu.
Tuliporudi, wingu limekaa pale kama kuku anayeatamia.

Chini, Kapteni hakufoka. Alimimina chai.
"Macho yako ni mazuri," alisema.
"Mtu wetu amekufa."
Lwitiko akaanza kucheka, akaacha.

Usiku nimeishusha saa ya ukutani,
nimekaa nayo mapajani kama mtoto mwenye homa.
Kulia, tatu. Kushoto, tisa. Mkiani, sita.
Ulimi wangu unakataa.

Kutwa nzima dukani najizoeza.
Namwambia Pili, anayejifunza kushona kwangu,
"Nipe mkasi, uko saa tatu."
Anainua kichwa, pini zimejaa mdomoni:
"Ya asubuhi au ya usiku?"