Ndimi Sita

Fundi Ngailo aliwasha mshumaa dukani, mchana kweupe,
akausogeza kwenye kioo cha mlango, akaniambia,
"Hesabu, mama."
Nikainama. Ndimi mbili.
"Kioo kimoja hicho. Ndicho wanachobeba wote,
halafu ikifika Juni wananipigia simu."
Tukahamia wa pili. Ndimi nne.
Wa tatu ulikuwa pembeni, nyuma ya saruji,
una vumbi la mwaka mzima, haujaulizwa na mtu.
Nikafuta kwa kiganja. Sita,
zimepanga mstari kama watoto wa kliniki,
na mmoja wao umeiva zambarau.
"Huo una utando, unalirudisha joto ndani.
Na kati ya kioo na kioo pana hewa nzito,
imefungiwa humo, haina pa kwenda."

Nikauliza bei.
Akaitaja polepole, kama daktari anavyotaja ugonjwa.

Hela yenyewe ilikuwa kiinua mgongo,
miaka thelathini na mmoja ya zamu za usiku Makete,
mgongo wenyewe umekwisha kuinama.
Aidani akapiga simu toka Dar:
"Vioo vitatu vya nini, mama? Weka kimoja, piga nondo,
inayobaki nunua mtamba."
Aidani siku hizi anajua feni.
Amesahau baridi inayoanzia kwenye kucha,
ikapanda gotini, ikakaa hapo kama mgeni
asiyeaga.

Sikumwambia habari ya ile familia ya bondeni.
Waliletwa alfajiri kwenye trekta, wanne,
walilala na jiko la mkaa,
dirisha wameliziba kwa gunia ili joto lisitoke.
Niliamsha wawili.

Tangu siku ile mkaa haukanyagi chumba changu.
Nalala na soksi mbili, sweta, kofia ya sufu,
na chupa ya maji ya moto ninayoikumbatia
kama mume.

Kwa hiyo nikasema, nipe huo wa ndimi sita.
Tena nipe mpana, ukuta mzima,
uelekee kusini, barabarani,
watu wa gulioni wapite wauone.
(Nakiri. Nilitaka wauone.)
Ngailo akakuna kidevu.
"Mpana utakula hela yote, na joto utalitoa vilevile;
hakuna kioo kinachoshinda tofali.
Chukua nusu. Na kusini usiweke.
Jua la Juni linapita kaskazini, mama,
mlango ulifuate jua, usifuate watu."

Kaskazini kuna shamba la viazi la Mama Tweve,
mipeasi miwili, na choo chake cha mabati.
Ndiyo mandhari niliyoinunua.

Sasa ni Julai. Umande umeganda,
majani yanavunjika chini ya miguu ya kuku.
Asubuhi jua linaingia hadi kwenye mguu wa kitanda,
linakaa,
na likienda zake halichukui kila kitu.
Jana usiku nikawasha mshumaa, nikahesabu tena.
Zote zipo. Lakini visigino vyangu
vilikuwa na habari nyingine:
kizingitini pana upenyo wa kidole kidogo,
na upepo wa Kitulo hauhitaji zaidi.
Vioo vitatu juu, utando, hewa nzito,
na chini pale baridi imeingia kwa magoti
kama mwizi wa kuku.

Nimempigia Ngailo. Amecheka, amekohoa,
mpira wa kuzibia ataleta Jumanne.
Hadi hapo nimesokota khanga kuukuu, nimeilaza mlangoni.

Asubuhi hii Mama Tweve alitoka chooni
kajifunga mablanketi mawili, kopo mkononi,
akaniona nimesimama nyuma ya kioo
na blauzi ya mikono mifupi.
Akasimama kwenye barafu.
Akatazama blauzi, akatazama mlango,
akanipungia kopo.