Picha ya Kifuani

Wameihamisha barabara tena.
Mgodi ulikuwa na njaa: wakaupa Mtaa wa Tatu,
wakaupa kanisa la Walutheri na makaburi yake,
na mwaka wa themanini na sita wakaupa shule.
Kwa hiyo nilipoingia Torvola na gari la kukodi
ile sauti ya ramani ikaniambia, tamu kama karani wa benki,
"Umefika unakokwenda,"
nami nimesimama mbele ya uzio wa waya,
na ng'ambo ya uzio ni shimo lililojaa maji,
samawati hata unaona haya kuyatazama.
Darasa la hesabu lilikuwa pale juu, hewani,
pale mwewe anapogeukia.

Miaka hamsini.
Kila baada ya miaka mitano walinialika
na kila mara nikapata homa.
Safari hii homa ilikataa kuja.

Ukumbi wa chama cha wachimbaji, adhuhuri, Minnesota, Agosti,
feni moja inazunguka kama iliyolazimishwa.
Bonnie Strukel yuko mlangoni na majina ndani ya sanduku la viatu.
Shuleni alikuwa mshika funguo; bado ni mshika funguo.
Akanibandika kifuani kabla sijavaa miwani.
Jina, Marlys Hautala: langu.
Picha, Darlene Zupan.

Nilikusudia kusema.
Lakini Darlene alikuwa mzuri kuniliko,
na foleni nyuma yangu ilikuwa ya watu wenye mikongojo.

Tukifika umri huu hatusomi majina, maandishi ni madogo;
tunasoma uso,
na uso niliouvaa ulikuwa wa miaka kumi na saba.
Basi nikakumbatiwa makumbatio yasiyo yangu.
Mmoja akanishukuru kwa majibu ya kemia.
Mwingine akaitazama picha, akanitazama, akasema
hujabadilika,
tukacheka wote wawili, kwa adabu.
Marlys hakuna aliyemwulizia.

Ndipo akaja Wendell Kinnunen,
mrija wa oksijeni puani, mtungi ukimfuata kwa magurudumu
kama mbwa mtiifu.
Akavuta kiti, akaketi nusunusu.
"Nilikungoja," akasema. "Kituo cha basi. Januari ile.
Mpaka yule mfagiaji akazima taa."

Januari ile, barabara kuu, lori la magogo.
Mji mzima ulijua. Wendell mwenyewe
alibeba jeneza, upande wa kushoto, mbele.
Alikuwa akimwendea au akimkimbia,
hilo gazeti halikuandika.
Na kama sasa amesahau, au ameamua kusahau,
mimi si daktari.

Ulimi hauna mfupa; wangu ukajiendea:
"Theluji, Wendell. Theluji ilinichelewesha."
Akatikisa kichwa polepole,
kama mtu aliyehesabu chenji akaikuta sawa.
"Nilijua ni theluji,"
akamega potitsa yake, akanipa upande wenye jozi nyingi.

Nikaenda kutafuta kahawa, nisije nikalia mbele ya sahani.
Pembeni ipo meza ya marehemu,
thelathini na mmoja, kila mmoja na mshumaa wake wa betri.
Nikaitafuta herufi ya mwisho.
Zupan, Darlene. Na juu ya jina, mimi:
meno yangu yaliyopandana, ukosi niliouazima kwa dada,
macho yamekwenda kando, kwenye dirisha
ambalo leo ni anga tupu.
Mshumaa wangu ulikuwa unawaka vizuri tu.

Honi ya mgodi ikalia, moja ndefu, mbili fupi.
Hakuna aliyenyamaza. Hakuna aliyegeuka.
Watu sabini wakashika vikombe vyao
katikati ya sentensi,
kama mtu anavyoziba mdomo akipiga chafya,
na ardhi ikaruka kidogo, ikatua.

Kahawa yangu haikumwagika.
Nikatazama chini: mkono ulikwishakikamata kikombe
kabla sijauambia.