Risiti ya Mahema

Kavinya ananisomea historia ya mtihani
huku mimi nakagua kamba, Njiru, uani.
Turubai tatu zimeanikwa ukutani,
zinadondosha mvua ya harusi ya jana.

"Khatuni," anasoma, "ni malkia wa Wamongolia.
Khani akifa, mjane hushika muhuri
hadi wakuu wakutane kumchagua mwingine."
Wakutane wapi?
"Hemani, mama."
Hema la nani?
Anafunua ukurasa, anafunua, anarudi nyuma.
Kitabu hakisemi.

Basi niseme mimi.
Hema ni la anayejua lilikunjwa vipi.
Bibi huyo alijua mkokoteni upi umebeba nguzo,
sufi ipi imelowa, fahali yupi mvivu,
na kwamba upepo hauulizi ukoo
kabla ya kung'oa kigingi.
Wanaume walipanda farasi kwenda kuiteka dunia.
Waliporudi waliikuta imesimamishwa,
imefagiwa, maziwa yako motoni.

Miaka mitano, anasoma Kavinya,
mjane mmoja aliwaambia wakuu: njooni mwezi ujao.
Mwezi ujao farasi wamekonda.
Mwezi ujao theluji.
Nacheka hadi kamba inanitoka mkononi.
Tulipomzika Muthoka, nami niliwaambia shemeji zangu:
subirini mahindi yavunwe.
Subirini shule zifungwe.
Subirini barua itoke kwa chifu.

Walipokuja walikuja kumi na mmoja,
wakakaa kunijadili: ploti, lori, mahema,
na mimi mwenyewe, nirithiwe na Musembi ama na nani.
Jua lilikuwa kali. Waliketi chini ya hema langu.
Nikawatoza.
Viti kumi na kimoja, meza moja,
hema la futi ishirini, nusu siku.
Risiti nikamkabidhi Musembi mkononi.
Akaisoma mara mbili. Akakohoa.
Nikasema: nina watoto wa kulea, shemeji.
Maneno yale yale, Kavinya ananionyesha kwa kidole,
aliyoyajibu mjane mwingine wa kule nyikani
alipotumiwa posa na mtoto wa ndugu ya mumewe.

Kisha anafika kwa Mturuki mmoja, huko Misri,
aliyenunuliwa mjakazi, akaishia kutawala,
na sarafu zikapigwa kumtaja.
Ila si kwa jina. Mama wa Fulani, ziliandika.
"Na huyo mwana," anasoma, "alikuwa keshakufa."

Anasita. Ameona kabla yangu.
Risiti zangu zote, kitabu baada ya kitabu,
juu kabisa, kwa wino wa buluu:
MAMA MUMO, MAHEMA NA VITI.
Mumo yuko Lang'ata tangu mwaka wa mafuriko,
safu ya nyuma, karibu na ua wa waya.

Ndege inashuka kuelekea Embakasi,
kelele yake inatusaidia sote wawili.

"Mama, zikiisha hizi, tuchapishe zenye jina lako?"
Jina langu. Syokau.
Nalijaribu mdomoni
kama ufunguo wa nyumba niliyoihama.
Natazama binti yangu, miaka kumi na saba,
aliyebeba viti tangu akiwa darasa la nne
na hayupo kwenye risiti hata moja.
Sijui. Wateja wanalijua hilo.
Na mtu akiniita, huita wawili.

Soma, namwambia, endelea.
Bado hawajaniambia
udongo wa kule ulishikaje vigingi.
Huu wetu mweusi, mvua ikipiga,
unaachia tu.