Jani Moja

Theilin hakutuonyesha mandhari ya vilima vya Khasi.
Alituonyesha ngazi: elfu tatu na ushei,
zimelowa, zimeota kuvu,
akasema, "Magoti ndiyo tiketi."

Tukashuka hadi darajani.
Si la mbao wala la chuma. Ni mizizi hai
ya mpira wa porini, iliyofundishwa kuvuka mto
na babu wa bibi yake,
aliyejua kuwa yeye hatalikanyaga.
"Bado linakua," Theilin alisema, akilipapasa
kama mtu anayemtuliza ng'ombe wa maziwa.

Huko juu, ukunguni, mawe ya kale yamesimama,
marefu, ya kiume;
moja bapa, la kike, limelala mbele yao.
Mwenzangu akataka kuliketia apigwe picha.
Theilin akakohoa tu.
Mwenzangu akabaki wima, wa kiume kama mengine.

Kisha msitu wa miungu.
Sharti lake fupi: usitoke na kitu.
Si ua, si kijiti, si kokwa mfukoni.
Hata mvua humo ilishuka kwa adabu,
tone likisubiri tone.

Jioni, nyumbani kwa mama yake
(nyumba atakayoirithi yeye, kitindamimba),
nilivua buti, nikaliona:
jani moja la kahawia
limeganda kwenye soli.

Hakuna aliyesema neno.
Mama akaendelea kumenya machungwa.
Theilin akaitazama tochi iliyoning'inia ukutani,
kisha akanitazama mimi.

Nje, mvua ilikuwa imerudi.
Nikafunga kamba upya.