Kisanduku cha Kumi

Nimepanda Nyamugo na rula ya plastiki,
fomu kumi na mbili ndani ya bahasha ya kaki
na kalamu mbili, maana moja huwa inakataa mlimani.
Njia ni ngazi za udongo, kisha ni mfereji,
kisha ni mlango wa Mama Cibalonza.
Ananipa kiti. Yeye anakalia bidoni la njano.
"Daktari," ananiita. Mimi si daktari.
Mimi ni mpimaji, nalipwa kwa kila karatasi iliyojaa.

Kuanzia kiwiko hadi kiganja: sentimita ishirini na tatu.
Upana, pale palipo papana, saba.
Unene milimita nne, kama pindo la blanketi.
Rangi: fomu inaniruhusu "hafifu", "iliyokolea", "mchanganyiko".
Naandika mchanganyiko.
Ngozi inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga,
vidole viwili vimejikunja, vimekataa kunyooka
tangu usiku ule moto ulipopita kwenye mbao
nyumba kwa nyumba, kama mgeni anayesalimia kila mtu.

Swali la kwanza. Katika siku saba zilizopita
kovu lako limekuwasha: hapana, kidogo, sana, mno?
"Linawasha mvua ikikaribia.
Majirani wanajua. Anayetaka kuanika mihogo
anapita hapa kwanza: Mama, mkono unasemaje?
Nikijikuna, wanakusanya nyungo zao.
Mara moja tu nimedanganya, na ni mke wa Bisimwa.
Alistahili."
Kalamu yangu imebaki hewani.
Nitie alama wapi? "Sana" ni hasara kwenye hesabu.
Lakini ninyi mlioitunga fomu, huko mlipo,
nani hupita mlangoni kwenu kuuliza habari za mbingu?

Swali la sita. Kovu limekuzuia kufanya kazi zako?
"Nauza sambaza Nyawera, napima kwa kopo.
Mkono mmoja unatosha."
Kimya. Kuku anaingia, anatoka.
"Ila chenji."
Chenji?
"Wa kulia haufunguki, narudisha pesa kwa wa kushoto.
Mtu hajui. Anaangalia noti, ananiangalia,
anaona nimemtukana.
Mmoja aliitupa chini, faranga mia tano,
akaenda bila samaki wake.
Sasa naweka pesa juu ya gazeti, waokote wenyewe.
Hilo nalo ni kidogo au ni sana?"

Natafuta. Maswali ni ishirini na nane.
Kuna usingizi, kuna kioo, kuna kitanda cha ndoa,
kuna "unaona haya ukivaa mikono mifupi".
Hakuna kushoto.
Hakuna gazeti.

Swali la mwisho ni la maumivu. Natoa mstari uliochorwa,
sifuri huku, kumi kule,
nasoma kama nilivyofundishwa:
sifuri ni hakuna, kumi ni maumivu makubwa
kuliko yote unayoweza kuyafikiria.
Anautazama mstari muda mrefu,
kama anayetafuta jina kwenye orodha ya waliofaulu.
"Kumi ni ya nani?"
Ni yako, Mama, kama ndivyo unavyosikia.
"Hapana. Kumi ni ya Ntakwinja.
Tulibebwa juu ya mlango mmoja,
mlango wa nyumba yake, waliung'oa wakatulaza.
Mpaka barabara ya lami alikuwa anaimba. Halafu akaacha."
Anafunika mstari kwa kile kiganja kisichofunguka.
"Tisa ni ya mtoto wake. Anakula kwangu,
analala kwangu, hataki nimguse kwa huu.
Mimi niandikie mbili.
Mbili zinanitosha."

Naandika mbili. Najumlisha.
Jumla inasema Mama Cibalonza anaishi vizuri.
Pembeni, tulipokatazwa kuandika, naandika: chenji.

"Funga karatasi zako," anasema, anajikuna kiwiko.
Juu ya ziwa mbingu ni safi kama sahani.
Nafunga.
Nyuma ya ukuta nasikia ungo wa kwanza ukianuliwa.